Gundi Haichemshwi

Nilimkuta amebakiwa na saa moja ya mkono kwa siku. Kidonge anameza saa moja asubuhi, ikifika saa mbili mkono unatulia, saa tatu unaanza tena kutetemeka kama kifuniko cha sufuria. Katika saa hiyo moja alikuwa anachora. Saa zilizobaki alikuwa bibi kizee wa Kikorea katika flati ya kaunsili, yaani ya serikali ya mtaa, ghorofa ya tatu, hapa Edmonton ya Landani, miaka themanini na minne, anahitaji mtu wa kumkosha na kumvalisha soksi. Mtu huyo mimi.

Na mimi si msichana. Nina miaka sitini na sita, magoti yote mawili yamekwisha, na wajukuu sita ambao hakuna hata mmoja aliyefeli skuli. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne Unguja, nikaolewa, nikaja Landani nikafagia maofisi mpaka mgongo ukakataa, ndipo nikaingia kwenye kea, kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Nimekosha wazee wa kila taifa. Naamka kabla ya alfajiri, nasali, napanda mabasi mawili, na nikishuka la pili miguu inakuwa imeshavimba kabla sijamgusa mtu.

Siku ya kwanza niliingia kwake nikakuta meza ya kulia imelaliwa na picha. Kitambaa cha hariri kimekazwa juu ya fremu ya mbao, ukubwa wake kama mlango wa kabati. Ndani yake kulikuwa na mistari myembamba ya wino: mtu amekaa juu ya jiwe, shuka refu limemfunika toka kichwani mpaka miguuni, maji chini yake, na mche wa mianzi ubavuni. Rangi ilikuwa bado. Pembeni, vibakuli vidogo vya unga wa kijani, wa buluu na mwekundu, nikadhani viungo.

"Usionje," akaniambia. "Ni mawe yaliyosagwa. Huo mwekundu utakuua."

Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, ndiyo maana tulielewana vizuri. Nilimwita bimkubwa, neno ambalo nilimfundisha maana yake, akalipenda. Yeye aliniita mdogo wangu.

"Huyu nani?" nikamuuliza, nikionyesha picha. "Mwanamke au mwanamume?"

"Vyovyote. Kazi yake kusikiliza. Mtu akilia popote duniani, huyu anamsikia."

"Basi atakuwa kachoka."

Akacheka mpaka nikalazimika kumshika asianguke kitini.

Kidogo kidogo akanieleza. Ujanani alikuwa mtawa katika hekalu milimani kwao, na mwalimu wake alikuwa mtawa mzee aliyechora picha za mahekalu. Miaka mitatu hakupewa rangi. Alipewa karatasi nyembamba na uso mmoja, aufuatishe kwa wino, amalize aanze tena, mpaka rundo la karatasi likafika kifuani kwake. Halafu akatoka utawa, akaolewa, akaja huku na mumewe, akafanya kazi ya kushona nguo za watu kiwandani. Mistari ile juu ya meza ilitoka kwenye mchoro wa mwalimu wake. Aliuleta Landani umekunjwa chini ya sanduku akakaa nao miaka hamsini, akisema kesho, kesho. Sasa Wakorea wanaokaa Landani, kusini ya mto, walikuwa wamenunua nyumba ya kawaida, yenye bustani na banda la baiskeli, wakaifanya hekalu, na ukuta wa mbele ulikuwa mtupu. Aliwaahidi picha.

Na mwanawe alikuwa ameshampatia chumba katika nyumba ya wazee. Chumba kitakuwa wazi baada ya wiki sita. Kule rangi za sumu hawazitaki, wala harufu ya gundi. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu wa darasa la nne: wiki sita, saa moja kwa siku, na kidonge kikichelewa saa hiyo imepotea. Basi likikwama, picha imekwama. Mjukuu wangu mkubwa anasomea ufamasia, ndiye aliyekisoma kikaratasi cha dawa chenye maandishi ya sisimizi, akaniambia kwa Kiingereza chake cha mbio kwamba kidonge kile na yai havipatani, yai lingoje. Nikawa namwachia bimkubwa yai lake, alile saa nne. Mkono ukatulia zaidi kuliko mwanzo. Akaniuliza nani kanifundisha, nikamwambia, na nikamwonyesha na picha ya mtoto kwenye simu, na ya wengine watano pia.

Baada ya kidonge, kumkosha na kumvalisha, kazi yangu ya mwisho kabla ya kukimbilia kwa mgonjwa mwingine ilikuwa gundi. Haikuandikwa kwenye karatasi ya kazi ya ofisi iliyonituma kwake. Lakini yeye kushika sufuria hawezi, na bila gundi ule unga wa mawe haushiki kwenye hariri, ni vumbi tu.

Gundi yenyewe ilikuwa vijiti vikavu vya kahawia. Unaviloweka kwenye maji baridi usiku kucha, asubuhi vimevimba vinatikisika. Unavitia kwenye bakuli, bakuli unaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo kabisa, unangoja viyeyuke. Harufu yake supu ya makongoro.

"Ni ngozi ya ng'ombe," akaniambia.

"Alichinjwa vizuri?"

"Kwani utaila?"

"Nataka kujua tu ninachokipika."

"Hukipiki," akasema, na hapo hakuwa anacheka. "Sikiliza, mdogo wangu. Gundi haichemshwi. Ikichemka imekufa. Utaiona nzuri, inang'aa, kumbe imekufa."

Nikamwambia nimesikia. Na nilisikia.

Basi picha ikaanza kujaa. Maji yakawa ya buluu, mianzi ikawa kijani. Niliporudi saa sita mchana kumlisha, nilikuwa natazama kwanza meza kabla ya kumtazama yeye. Mimi ni Muislamu, sanamu siabudu na sura sichori, na nilimwambia hivyo siku ya pili tu ili tusije tukasumbuana. Akanijibu kwamba hakuniajiri niabudu. Lakini kazi nzuri naijua nikiiona. Mwanamke yule, mkono ukiwa umetulia, alivuta mstari mmoja kutoka bega la yule msikilizaji mpaka chini kwenye jiwe bila kunyanyua brashi, na upana wa mstari haukubadilika.

Weupe ndio uliokuwa mzigo. Shuka lote jeupe, na uso mweupe. Unga wake ni gamba la chaza lililosagwa. Nilimwambia kwetu nyumba tunazipaka chokaa ya mawe ya baharini, akafurahi kama nimemwambia tumetoka kijiji kimoja. Unga ule unatiwa gundi kidogo, unakandwa mpaka unakuwa donge, halafu donge unalibamiza ndani ya bakuli, pa, pa, pa, mara mia. Nilikanda mimi. Nimekanda chapati tangu nina miaka saba. Akashika donge, akalibonyeza, akasema, "Mkono huu ungekuwa hekaluni, mwalimu wangu angeniacha mimi akakuchukua wewe." Nilitembea na maneno hayo siku nzima, kwenye mvua, kwa wagonjwa wanne.

Wiki ya tatu, asubuhi moja, basi la pili halikuja. Nilifika saa moja na nusu. Kidonge nikampa kabla sijavua koti. Kumkosha, haraka. Nguo, haraka. Ofisi wanapiga simu: mzee wa mtaa wa pili anangoja, yuko chooni peke yake. Gundi iko kwenye bakuli, imevimba, na maji ya sufuria ni ya baridi. Nikamwaga gundi moja kwa moja ndani ya kisufuria, nikaweka juu ya moto mkubwa, nikageuka kumfunga bimkubwa kitambaa cha kichwa. Niliporudi ilikuwa imefura, mapovu mpaka ukingoni, kama maziwa.

Nikaizima. Nikaondoa povu kwa kijiko. Nikaitazama: safi, inang'aa, nzuri kuliko siku zote. Nikasema kimoyomoyo, dakika mbili hazimuui ng'ombe aliyekwisha kufa. Nikakanda weupe, nikabamiza, nikamwekea mezani, nikaondoka.

Kwa gundi ile alipaka uso wote na bega la kulia. Iliyobaki nikaiweka kwenye friji, naye akaitumia na kesho yake na keshokutwa, mpaka ikaisha.

Siku ya sita tangu hapo nilikuwa napitisha sahani ya wali juu ya kona ya meza, mkono wa blauzi yangu ukagusa uso wa yule mtu wa pichani. Nilipouinua, kitambaa chake cheusi kilikuwa na unga mweupe. Nikatazama picha. Weupe wa shavu ulikuwa umetoka. Mistari ya wino ilionekana chini yake, na pembeni ya jicho weupe umepasuka vipande vipande kama tope lililokauka.

Bimkubwa akasogea na kigari chake cha kutembelea. Akaweka kidole kwenye bega, akakitazama kidole. Cheupe.

"Ulichemsha?" akaniuliza.

Ningetoa nini leo nimjibu vingine. "Hapana," nikasema. "Mimi nimepika tangu utotoni, mimi sijui moto?"

Akanitazama sana. Halafu akaitikia kwa kichwa polepole, na nikaona amenisadiki, na hilo lilikuwa baya kuliko angenitukana.

"Basi ni mimi," akasema. "Nimekosea kipimo. Kipimo nilichokijua nikiwa na miaka ishirini, nimekisahau."

Mchana ule ule alimpigia mwanawe mbele yangu. Lugha yao siijui, lakini sauti ya mtu anayejitoa haihitaji mkalimani. Alipoweka simu chini akanieleza: amemwambia chumba kikiwa wazi mapema, amchukue mapema. Picha, wale wa hekalu wamwambie mchoraji wa huko kwao awatumie nyingine. Kisha akaniomba nimletee boksi la viatu, akapanga brashi zake ndani moja moja, mkono unatetemeka, brashi zinagongana.

Siku tatu hakuchora. Nilimpa kidonge saa moja kama kawaida. Saa mbili mkono ulitulia, ukakaa pajani, umelala, mzuri, hauna kazi. Nilibaki dakika chache kuutazama halafu nikaondoka. Nyumbani nilipika, sikula. Mjukuu akaniuliza naumwa nini, nikamwambia magoti. Nikisali, nikipeleka paji chini, naona ule unga kwenye mkono wa blauzi. Nilikuwa na uchovu ambao kulala hakuutoi. Mtu mzima wa umri wangu, nimezika mume, nimevuka bahari, naogopa kusema neno moja kwa bibi kizee asiyeweza hata kunifukuza.

Siku ya nne nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, namvalisha soksi. Pale chini ndipo lilipotoka.

"Nilichemsha."

"Nini?"

"Gundi. Niliimwaga kwenye sufuria juu ya moto mkubwa, ikafura. Nilikuwa na haraka."

Akauvuta mguu mkononi mwangu.

"Kwa nini ulisema hapana?"

"Mimi ni bibi wa watu sita. Sikutaka kukaripiwa."

"Siku tatu," akasema. "Siku tatu nimejiona nimepotewa na akili. Nimelala nahesabu vipimo vya mwalimu wangu kama mwendawazimu. Nimemwambia mwanangu kwamba akili yangu imekwisha. Wewe ulikuwa unaniletea wali."

Nikakaa pale chini na soksi mkononi, na sikuweza kuinuka hata kama ningetaka, maana magoti hayakunyanyuka.

Akaurudisha mguu. "Nivalishe," akasema. "Halafu chemsha maji. Maji ndiyo yanayochemshwa."

Weupe wote wa gundi ile mbovu ulitakiwa kuoshwa, mpaka kwenye mistari ya wino, na mistari isiguswe. Maji ya uvuguvugu, brashi laini, pamba. Unalowesha kidogo, unangoja, unanyonya kwa pamba, unahamia padogo pengine. Kwa mkono wake angetoboa hariri. Na saa yake moja alikuwa anaihitaji kwa kuchora. Akanisukumia bakuli.

"Bimkubwa, mimi siwezi kuchora sura. Dini yangu."

"Nani kakwambia uchore? Nakwambia uoshe. Si ndiyo kazi yako, kukosha watu? Mkoshe."

Basi nilimkosha. Mchana kati ya mgonjwa na mgonjwa, saa ambayo zamani nilikuwa nakaa kwenye basi nile mkate wangu. Nilianza na paji, kisha pembe za macho, kisha pembeni ya pua, kwa mpango ninaomkoshea mtu yeyote. Bimkubwa amekaa kwenye kiti chake ananisimamia kama mama mkwe. "Polepole. Hapo hujamaliza. Nyuma ya sikio." Siku ya pili ofisi wakapiga simu wakitaka kujua kwa nini nimeonekana kwake saa isiyokuwa yangu. Nikawaambia bimkubwa amechafua kitanda, nilirudi kumbadilisha. Nilipokata simu akawa ananitazama.

"Kwa hiyo nimejinyea."

"Nilikosa la kusema."

"Wewe ukibanwa, uchafu wote unakuwa wangu."

Alisema hivyo na uso mkavu kabisa, na mimi nikacheka mpaka pamba ikaniponyoka, na yeye akafuatia. Ndipo nikajua tumerudi kuwa watu.

Lakini muda ulikuwa umekwenda. Mwanawe alikuwa ameshapata chumba mapema kama alivyoombwa, na ombi la kuahirisha lilikataliwa. Zilibaki siku kumi. Nikawa naloweka gundi mwenyewe kila jioni, asubuhi naiyeyusha ndani ya maji ya moto kidogo, nimesimama juu yake siondoki, natia kidole, nagusanisha vidole viwili, vikigandana nazima. Hata Jumapili, siku yangu ya kulala, nilikuja na kidonge kikaliwa saa moja kamili. Hakunilipa mtu na sikuomba.

Shuka likarudi. Bega likarudi. Uso ukarudi mweupe, mtupu, kama yai. Sura humalizika kwa macho, ndiyo desturi yao; kabla ya macho ile ni hariri tu, baada ya macho ni yule msikilizaji mwenyewe. Asubuhi ya jicho la kwanza niliomba ofisi ruhusa ya meno, nikabaki. Nilimshika kiwiko kwa chini, nisisukume, nisivute, mzigo wa mkono wake tu ukae juu ya kiganja changu. Alivuta pumzi, akauvuta mstari wa kope ya juu, mmoja. Akaweka brashi chini. "Basi," akasema, na ilikuwa saa mbili na dakika ishirini tu. Jicho la pili alilichora kesho yake. Alipomaliza alilala kwenye kiti na brashi mkononi, nikaiosha mimi.

Siku mbili zilizobaki alitia pindo la shuka, mauamaua madogo ya dhahabu kuzunguka ukingo wote. Hayakufika. Asubuhi mwanawe alipokuja na maboksi, kona ya chini kushoto, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni, ilikuwa nyeupe tupu. Bimkubwa aliitazama, akamwambia mwanawe aifunge picha vizuri.

Watu wa hekalu waliponialika kwenye kuitundika picha nilikwenda. Treni mbili na basi moja. Nikavua viatu mlangoni kama msikitini, nikakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha plastiki. Mtawa alisoma dua kwa muda mrefu, na joto la watu likanishika, nikasinzia. Watu walipoanza kuinama mimi nilibaki nimekaa. Baadaye, walipohamia jikoni kula, nilikwenda mbele. Sikumtazama usoni. Nilitazama kitambaa cheusi walichotandika chini ya picha. Nikapitisha kiganja juu yake, nikakigeuza. Safi, hakuna unga.

"Imeshika?" Sauti yake nyuma yangu. Mwanawe alikuwa amemsukuma kwa kiti cha magurudumu, kisha akatuacha. Ilikuwa alasiri, mkono wake unacheza pajani. Nilimwona amekonda.

"Imeshika, bimkubwa."

"Kule wananipa kidonge saa tatu. Na yai." Kisha akaunyanyua ule mkono, ukatetemeka hewani mpaka ukaielekea kona ya chini, pale penye pindo tupu. "Unapaona pale?"

"Napaona."

"Siku zako tatu."

"Napaona, bimkubwa."

Akaushusha mkono. Watu wote waliopita pale kwenda kwenye chakula waliusifu uso, na maji, na mianzi, na hakuna aliyeuliza habari ya kona. Akaniambia nikale, nikamwambia nina shifti saa kumi na moja. Nikampandisha soksi iliyokuwa imeteremka, nikatoka nje kwenye benchi la viatu. Ilinichukua muda mrefu kuinama.